Mkeka wa Nukta Kumi na Nne

Jumapili, 2 Machi 2025

Bismillahi. Daftari hili kanipa mwanangu Tasnim alipokuja mwaka jana. Akasema, "Mama, wewe maneno yako hayaishi, kifurushi ndicho kinachoisha. Mengine andika, nikija nitayasoma." Basi naandika. Mimi ni Mize binti Pazi wa Miburani. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wenzangu, na kwa kusuka mikeka kisiwa hiki hajazaliwa wa kunifundisha. Watu wananiita Mama Tasnim. Kwa desturi ningeitwa Mama Hamisa, maana Hamisa ndiye wa kwanza, na niliitwa hivyo miaka mingi. Ila tangu Tasnim aende Ulaya kusomea udaktari wa fizikia, anayeniita kwa jina la zamani simwitikii. Wamezoea.

Leo mfungo wa kwanza. Manyunyu tu, masika bado hayajajipanga.

Jumanne, 4 Machi

Hamisa kaunguza tambi za futari. Nimemsema.

Ijumaa, 7 Machi

Tasnim kapiga simu baada ya sala, analia. Nikasema inna lillahi, nani tena? Kumbe analia kwa furaha.

Nataka niandike alivyonieleza nisije nikasahau. Kule maabara yao iko chini ya ardhi. Wanachukua risasi, hii hii tunayofungia nyavu, wanaipasua mpaka vinabaki viini visivyoonekana, halafu wanavikimbiza viini hivyo karibu na mwendo wa mwanga na kuvigonganisha. Visipogongana uso kwa uso, vikaparuzana ubavu kwa ubavu, pale vilipokutania panakuwa na umbo kama lozi. Hilo lozi lina joto kushinda jua, na linatiririka kama maji. Linadumu kidogo mno, halafu chembe zinaruka kila upande. Kuna mtambo mkubwa wa kufuatilia nyayo za hizo chembe. Kazi ya mwanangu ni kuhesabu, ngapi zimeenda huku na ngapi kule. Wenyewe wanaita mtiririko wa duaradufu.

"Kwani haziendi sawasawa?" nikamuuliza.

"Haziendi, mama. Hebu sema wewe, zitatokea wapi zaidi? Nchani mwa lozi au ubavuni?"

Nikafikiri. Nikamwambia, "Kifumbu cha nazi ukikikamua, tui halikimbilii nchani. Linatoka ubavuni, kwenye upana wake."

Nikamsikia akiandika. Kisha akasema, "Mama, nimekaa na maprofesa miaka mitatu, hakuna aliyenieleza vizuri namna hiyo."

Naandika kama alivyosema, sijaongeza neno.

Basi akanitumia picha kwenye simu. Nukta kumi na nne. Nukta zinapanda, zinapanda, na watu wote walidhani zitaendelea kupanda, ila tatu za mwisho zinashuka. Ndicho kilichomliza. Kila nukta ina kijistari cha wima kimepita katikati. Nikauliza hivyo vya nini, akasema ndiyo mashaka, kinaonyesha sisi wenyewe tunaweza kuwa tumekosea kiasi gani. Nikapenda. Huku kwetu mtu akikosea anaongeza sauti.

Akasema, "Mama, usimwonyeshe mtu. Hata dada. Sheria ya hapa, matokeo hayatoki nje mpaka wenzetu wote wayapitie. Anayeyatoa anafukuzwa. Mwezi wa tano kuna mkutano mkubwa, nitasimama mimi kuyasema, na baada ya hapo ndipo wataamua kama wananipa miaka miwili mingine au narudi nyumbani. Mpaka sasa wameyaona watu sita."

Mimi ni wa saba. Duniani!

Jumapili, 9 Machi

Nimekutana na wifi yangu Kidawa, dada wa marehemu mume wangu, dukani akinunua sukari ya shughuli. Mwanawe Fauzia anaolewa Mfunguo Mosi. Mbele za watu akasema, "Wifi, nasikia wako anahesabu vumbi shimoni. Na miaka ishirini na tisa! Mimi mwezi ujao naoza. Wewe una wawili, mmoja hajaposwa, mwingine karudishwa."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Kuku hutaga kila siku, wifi, na hakuna anayemwendea kumtazama."

Wakacheka zaidi. Lakini maneno yake yamenikaa. Kwa mila mkeka wa bibi harusi nitausuka mimi, na tangu dukani mpaka nyumbani nimekuwa nikiufikiria.

Jumatano, 12 Machi

Shamte kamtuma mzee mmoja kuja kumposa Hamisa. Shamte mtu wa Kilwa, anavua dago pale Bwejuu, kambi ya makuti. Nikamjibu mzee kwa adabu kwamba siozi mtoto kwa mtu wa dago. Samaki wakihama, naye kahama. Hamisa alikuwa jikoni, hakutoka. Ana miaka thelathini na tatu, mume wa kwanza alimwacha kwa kukosa mtoto, na akiondoka nani atanichemshia rangi za ukindu wa mikeka? Macho yangu hayapendi moshi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeanza. Mvua imeshika, na ukindu ukipata unyevu unakuwa mtiifu. Ardhi ya mkeka nyeupe, nukta nyekundu, mashaka meusi. Nimehesabu chane za ukindu kutoka pindo mpaka kila nukta, nikagawanya sawasawa na picha. Simu nimeiegemeza kwenye kinu.

Hamisa kaleta ukindu mwekundu, macho yake yakaanguka kwenye simu, kisha kwenye ukili, utepe niliokuwa nasuka.

"Mama, si Tasnim alikwambia usimwonyeshe mtu? Nilikusikia ukimjibu."

"Namwonyesha nani? Nasuka."

"Mkeka unatandikwa, mama. Watu watauona."

"Watu wa Miburani wanajua kusoma nukta? Wataona pambo tu. Nenda kaangalie rangi yako isikauke."

Kaenda. Huyu mtoto tangu udogo wake ni wa kuogopa ogopa. Ndiyo maana ilipobidi mmoja aache shule ili mwingine aendelee, nilimtoa yeye kidato cha pili, ijapokuwa alikuwa wa tatu darasani. Nilichagua, na matunda yanaonekana.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Ukili wa sita.

Jumatano, 26 Machi

Nimefika kwenye zile tatu zinazoshuka. Mkono wenyewe ulitaka kuzipandisha ili pambo lipendeze, jicho la msusi halipendi kitu kushuka pembeni. Nikajizuia. Ya kumi na mbili niliikosea kwa chane mbili, nikafumua siku nzima na saumu yangu. Kazi ya mwanangu siitii chumvi.

Jumatatu, 31 Machi

Eid Mubarak. Tasnim hakupiga, yuko kazini, kwao si sikukuu. Hamisa kapika pilau, safari hii haikuungua.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi harusini, miguu inawaka, lakini lazima niandike.

Zawadi zilipoanza kutandazwa, zikaja sufuria, blanketi, kabati la vyombo. Nikangoja mpaka wote waishe. Nikamwambia Hamisa, fungua. Mkeka ukakunjuka mpaka miguuni kwa Fauzia. Wanawake wakatulia. Mmoja akauliza, "Mama Tasnim, hili pambo gani, mbona silijui?" Nikachukua kipaza sauti kwa mpiga muziki. Nikasema hili halipo Unguja, halipo Lamu, halipo popote. Hii ni kazi ya mwanangu Tasnim, amepasua viini vya risasi akaona vinavyotiririka, na wazungu wenyewe bado hawajaonyeshwa. Nikawaeleza kifumbu. Nikawaeleza mashaka. Vigelegele! Bibi mmoja wa Ndagoni kaja kuzigusa nukta kwa kidole, moja moja, kama anayesoma.

Nilipogeuka, Fauzia alikuwa akilia, na si kilio cha bibi harusi. Nusu saa nzima hakuna aliyemtazama. Kidawa kanisogelea, kaniambia kwa meno, "Umekuja kuoza mwanangu au kutangaza wako?"

Nikamjibu, "Wifi, mwali si unaye umemfunika kanga? Mimi wangu yuko mbali, nimemfunua kidogo."

Kisha nikamwambia Hamisa apige picha, mkeka wote, uonekane vizuri, aiweke kwenye mtandao. Mimi mambo hayo siyawezi. Akasimama na simu mkononi.

"Mama, niweke kweli?"

"Weka. Andika: Matokeo ya Daktari Tasnim, dunia bado haijayaona, Miburani tunayalalia. Na jina lake uliunganishe, wenzake waone."

"Mama."

"Hamisa, wivu huo utakuua. Weka."

Kaweka.

Jumapili, 13 Aprili

Watu elfu nne wameipenda picha! Wanafunzi wa Dar wanaituma huku na huku. Kuna mtu wa Brazili kaweka makofi.

Jumanne, 15 Aprili

Simu imelia asubuhi tunachambua mchele. Sauti ya Tasnim sikuitambua.

"Mama, ule mkeka kauweka nani?"

Nikaanza kucheka, nikamwambia umeuona? Akasema usicheke. Picha imefika kwa kundi jingine, washindani wao, ambao nao wanapima kitu kile kile. Mmoja wao kaweka rula juu ya picha ya mkeka, kasoma nukta moja moja, kaandika namba zote kumi na nne kwenye jedwali na kuwatumia wakubwa wa kina Tasnim, akauliza kwa dhihaka kama siku hizi wanachapisha kwa ukindu. Tasnim kaitwa mbele ya watu watano. Wanataka kujua matokeo yametokaje nje. Hotuba yake imesimamishwa, na hata nafasi yake yenyewe sasa inajadiliwa.

"Nilimtumia mtu mmoja tu, mama. Wewe. Niambie nini kimetokea. Nikiwaambia nilikutumia kwa hiari yangu nimekwisha."

Hamisa alikuwa mbele yangu na ungo magotini. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, anasikia kila kitu. Alinitazama. Hakunitazama kwa ubaya, alikuwa anangoja tu niseme.

Nikasema, "Ni dada yako."

Maneno yakaja yenyewe, yamejipanga kama chane. Nikasema Hamisa alichukua simu yangu nimelala, akainakili picha kwenye karatasi, akaniletea kama pambo jipya la mkeka. Mimi nikasuka, sikujua ni nini. Harusini akaiweka mtandaoni. Nikasema, mwanangu, mimi mtu wa darasa la saba, nukta zote kwangu ni nukta.

Mimi nimesema hivyo! Mimi niliyeshika kipaza sauti.

Tasnim akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Hukujua ni nini."

"Sikujua."

"Sawa, mama." Akakata.

Hamisa akaendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni, akatoa jingine. Nikamwambia, "Wewe huna cha kupoteza, Hamisa. Mwenzio ana kila kitu." Akasema, "Ndiyo, mama." Nikangoja aseme jingine ili nigombane naye. Akapepeta ungo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kutwa. Kuta zinatoa jasho.

Jumamosi, 19 Aprili

Tasnim katuma ujumbe. Wakubwa wanataka maelezo ya maandishi ya huyo aliyeichukua picha, kwa mkono wake na sahihi yake. Atayafasiri mwenyewe. Akaandika, "Ieleweke kwamba akaunti yangu ilibaki wazi kwenye simu yako, na picha humo iliibwa. Neno hilo ni muhimu."

Nikampa Hamisa karatasi na kalamu, nikawa namsomea la kuandika. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Sikuwa nimeuona siku nyingi.

Akafika mstari wa tatu akainua kichwa. "Niandike niliiba kwa sababu gani, mama? Wazungu wanapenda kujua sababu."

"Andika wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa mwenzako kusoma."

Akaandika. Alipomaliza akaisoma yote kwa sauti, pole pole, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa: mimi Hamisa, kwa wivu wa mdogo wangu kusoma, niliiba. Akauliza, "Hapa nimeweka nukta. Ni mahali pake?" Nikamwambia atie sahihi. Akatia, akapiga picha mwenyewe, akatuma mwenyewe.

Baada ya saa moja Tasnim kamwandikia maneno matatu, "Usinitafute tena dada." Hamisa akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, namba imezuiwa. Kaiweka simu juu ya kinu, kaenda kusomba maji, na mapipa yalikuwa yamejaa mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuna habari. Nimeswali rakaa mbili za haja. Nilipofika kwenye kuomba nilitaja jina moja, nikakumbuka, nikaongeza la pili.

Jumapili, 27 Aprili

Kidawa kapita na mwavuli. Kaniambia, "Nimesikia Hamisa ni mwizi. Na mimi nilikuwepo harusini, wifi. Nilikusikia kwenye kipaza sauti. Watu wa Ulaya hawakusikia, bahati yako." Nikamuuliza atamwambia nani. Akacheka. "Nimwambie nani? Mimi niache tu nikutazame."

Nikaingia ndani, nikamwacha na mwavuli wake.

Ijumaa, 2 Mei

Alhamdulillahi. Tasnim kabaki. Barua imewatosha wakubwa. Wameona ni mkosaji wa kuacha akaunti yake wazi kwenye simu ya nyumbani kwao, si wa kutoa siri. Wamempa onyo la maandishi na miaka yake miwili. Ila mkutanoni hatasimama yeye, atasimama kijana mmoja wa kundi lake aliyekuwa akimsaidia kusafisha hesabu. Na namba zimetangazwa haraka, kabla wale washindani hawajazitumia.

Nimechinja jogoo. Hamisa kamnyonyoa.

Jumanne, 6 Mei

Nimemkuta Hamisa kafunga kanga mbili na sufuria moja. Shamte yuko nje amesimama kwenye matope, kavua viatu.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Unamchukua mtoto wangu bila radhi?"

"Kwa baba yake mdogo tumefunga ndoa jana, mama. Yeye ndiye walii wa kumwoza. Hamisa alisema wewe umekwisha kumkana kwa maandishi."

Nikamgeukia Hamisa. Nikamwambia dago si nyumba, ni kibanda cha makuti, mvua ikinyesha mnalala mmesimama. Nikamwambia mtu wa kuja atakuacha Bwejuu na ndoo yako. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba mwanamke asiye na uzazi hachagui, na huyu akijua naye atakurudisha.

"Anajua," akasema Hamisa. "Nilimwambia siku ya kwanza. Akasema yeye kazaliwa wa tisa, kelele alizipata za kutosha."

Shamte akacheka kidogo, kisha akaona hacheki mtu mwingine, akaacha.

Hamisa akanishika mkono, akaubusu kama desturi. "Rangi nyekundu iko kwenye mtungi mdogo. Usiichemshe sana, inageuka kahawia." Akaenda. Sikumsukia mkeka. Mtoto wa Mize binti Pazi kaingia kwa mumewe na mkeka wa kununua.

Ijumaa, 9 Mei

Nimechemsha rangi. Imegeuka kahawia.

Jumatano, 14 Mei

Mvua inakatika. Wanawake wawili wamekuja kuniagiza mikeka, wanataka "ule wa nukta". Nimewaambia siusuki tena. Mmoja kasema, "Basi tutamwomba Fauzia tunakili wake." Nimewafukuza.

Alhamisi, 22 Mei

Leo ndiyo siku ya mkutano. Nilimpigia Tasnim mimi. Nilikuwa nimeazimia. Tangu Hamisa aondoke nyumba imekuwa kubwa, nikikohoa ukuta unanijibu, na jana nilijikuta naweka sahani mbili. Nikasema namwambia ukweli leo, anifanye atakavyo.

Akapokea. Nyuma yake nasikia watu wengi, vikombe.

"Kijana wako kasema vizuri?" nikauliza.

"Kasema vizuri. Wamempigia makofi. Wamemuuliza maswali mawili akashindwa, nikamwandikia majibu kwenye karatasi."

"Tasnim. Ile barua ya dada yako."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

Akatoka mahali pa watu, kelele zikapungua. "Mama, yule aliyeweka rula alipima kila nukta kwenye mkeka wako. Iliyopotea zaidi imepotea kwa unene wa chane moja. Hata mashaka umeyapa urefu wake. Na ya kumi na mbili, ambayo hata mimi sikuiamini nilipoiona, umeiweka pale pale. Anayesuka hivyo anajua anachosuka. Wewe uliielewa kazi yangu kuliko hao wote waliokaa humu ndani leo."

Miezi miwili nyuma, maneno hayo ningeyatangaza mji mzima wa Kilindoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipofungua mdomo kusema ni dada."

"Sasa mbona barua uliipeleka?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nilimtumia mama yangu kwa kujisifu, naye akajisifu zaidi? Leo ningekuwa kwenye ndege. Mwizi nyumbani wanamwelewa. Mama wa namna yako hawamwelewi."

"Na namba yake ukaizuia."

"Nisingeweza kuisikia sauti yake, mama. Angeniuliza."

"Yuko Bwejuu. Kaolewa, kaenda na sufuria moja."

Nikasikia anakoroga kikombe. Kisha akasema, "Atazoea. Dada huwa anazoea."

Nikafungua mdomo kumkemea. Nikauona mkono wangu mwenyewe ukimvua Hamisa sare ya shule, ana miaka kumi na sita, baba yake amesimama mlangoni anauliza, mbona huyu, mbona asiwe mdogo? Na mimi nikimjibu mume wangu kwa maneno hayo hayo, atazoea, kwa sauti hiyo hiyo laini, sijageuka hata kumtazama mtoto.

"Mama, upo?"

Nikamwambia nipo. Nikamuuliza leo amekula nini.